Udaktari Usio wa Sindano

Wazazi wa Shighatini na vijiji vya Ugweno na Usangi: kijana akirejea kwao na kusema amekuwa daktari, majirani humletea goti linalouma. Ikidhihirika kwamba udaktari wake ni wa maji, au wa vyuma, huondoka wakidhani ada yote ile imepotea bure. Haikupotea. Lakini ni haki ya mzazi kujua ni kitu gani hicho mwanawe anachokiendea baada ya shahada mbili, ilhali wenzake wamekwisha oa na kujenga.

Shahada hii ya tatu, iitwayo uzamivu, si darasa la kukariri. Mwanafunzi hushika suala moja ambalo halijapata jawabu, hulichunguza kwa miaka mitatu au zaidi, kisha huandika aliyoyaona na kuyatetea mbele ya wajuzi.

Na masuala hayo yako huko huko mlimani. Zitazameni ndiva za Upare: mabwawa waliyochimba wahenga, yakajazwa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa mchana, kila mkulima kwa zamu yake. Wazee hawakuuita uhandisi, lakini ndio uhandisi wenyewe. Bibi Marloes Mul alichunguza mwenendo wa maji katika bonde la Makanya, wilaya ya Same, akapata udaktari huko Delft, Uholanzi, mwaka 2009. Bwana Hans Komakech akapata wake huko huko mwaka 2013, kwa kuchunguza jinsi wakulima wa bonde la mto Pangani wanavyogawana maji kwa taratibu zao wenyewe. Nawashukuru wote wawili. Ila nauliza: ni nyumba ngapi za Ugweno ambamo mtoto amepata kuambiwa kwamba ndiva ya babu yake yaweza kumfikisha huko?

Wala si lazima kuvuka bahari. Tengeru, karibu na Arusha, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, yenye kufundisha uzamili na uzamivu peke yake. Ni hapo alipokuwa akifundisha Dakta Askwar Hilonga, aliyesomea udaktari Korea Kusini, alipotunukiwa tuzo ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015 kwa chujio la maji alilolibuni. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu 1973.

Ama njia yenyewe, huanza kwa barua. Kijana mwenye uzamili humtafuta mwalimu ajuaye jambo lile, akamweleza suala lake kwa ukurasa mmoja, wazi, bila ya sifa nyingi. Uholanzi na Ujerumani mara nyingi mtafiti huajiriwa na kulipwa mshahara. Basi msikimbilie kuuza shamba. Akija mtu kudai fedha ili “akushikie nafasi”, mfungieni mlango.

Mwulizeni mwana, na binti vivyo hivyo, maswali matatu: nani atakusimamia? Nani atalipa, na kwa miaka mingapi? Vyombo vya uchunguzi viko wapi? Na kitabu kikimalizika, mwombeni nakala moja ikae Shighatini, pamoja na kurasa chache za Kiswahili ambazo mzee wa zamu ya maji ataweza kuzisoma, na kuzisahihisha.