Upinde wa Kisasa Uko Nao, Lakini Mshale Wako Uko na Ugumu Gani?

Cheki hii stori. Desemba flani tuko ocha Wusi, huko juu ya Mwatate, na cuzo yangu ametua kutoka majuu na upinde wa kampaundi wa mitumba. Si ule wa babu wa fito na kamba. Hii ni mashine: magurudumu mawili kwenye ncha, nyaya zimepishana katikati, rangi ya majani kama gwanda la jeshi. Mbogi yote ikajaa kwa boma kuona.

Akaegemeza gunia la matambara kwa ukingo wa shamba, akavuta, akaachilia. Mshale ukatoka ukitingisha mkia kama samaki, ukapita gunia upande wa kulia, ukazama kwa mihogo. Wa pili, hivyo hivyo. Akienda kuweka wa tatu, mjomba akamwambia, "Hebu lete hapa kwanza." Akaushika ncha zote mbili, akaukunja kidogo karibu na sikio. Krak. Ulikuwa na ufa ambao hakuna mtu alikuwa ameuona.

"Upinde hauna shida, mwanangu," mjomba akasema. "Huu mshale ni laini sana."

Upinde ulikuwa umefungwa paundi 70. Mishale ilikuwa imeandikwa 600. Kama hizo namba mbili hazikushtui, endelea kusoma, juu huu si mchezo. Mshale wa kaboni ukipasuka wakati unaachilia, kipande cha nyuma kinasukumwa na nguvu yote ya upinde, na kitu kiko karibu zaidi ni mkono wako ulioshika upinde. Nyuzi za kaboni zinaingia kwa nyama kama miba ya katani, tofauti ni kwamba hizi hutoi na pini. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Sasa, hiyo namba ni nini? Wanaita spaini, yaani ugumu wa mshale dhidi ya kukunjwa. Inapimwa hivi: mshale unalazwa juu ya vishikilio viwili vilivyoachana inchi 28, unaning'iniza uzito wa gramu 880 katikati, halafu unaangalia umeshuka kiasi gani. Ukishuka inchi 0.400, unaitwa 400. Ukishuka inchi 0.600, unaitwa 600. Kwa hivyo namba ikiwa kubwa, mshale ni laini. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu. Wasee wengi wanaigeuza kichwani, wanadhani 600 ni ya wanaume. Hapana. 600 ni ya upinde mwepesi.

Na hiki kipimo unaweza kukifanya kejani. Weka viti viwili, kingo zao ziachane sentimita 71. Chukua chupa ya maji, mimina hadi mizani ya dukani isome gramu 880 pamoja na chupa na kamba. Ining'inize katikati ya mshale, pima kwa rula umeshuka milimita ngapi, zidisha kwa 40. Milimita 10 ni kama 400. Milimita 8 na nusu ni kama 340. Milimita 15 ni 600, ile takataka ya cuzo. Mshale lazima uzidi inchi 28 kidogo, la sivyo hautafika kwa viti. Ukinunua mishale ya mitumba ambayo maandishi yamefutika, hii ndio njia ya kujua kama umeuziwa hewa.

Lakini kujua namba ni mwanzo tu. Mshale ukiachiliwa haujui umeandikwa nini. Kinachokuja nyuma ni nguvu ya upinde, na mbele kuna uzito wa ncha ambayo haitaki kuondoka. Ukisukumwa huku unazuiliwa kule, lazima ujipinde. Kwa hivyo kuna vitu vitatu vya kuangalia kabla utoe doh.

Cha kwanza ni paundi za upinde wako. Zikipanda, unahitaji mshale mgumu zaidi. Cha pili ni urefu wa mshale. Chukua fito refu na fito fupi za unene mmoja, uzikunje: ile ndefu inalegea haraka. Kwa hivyo mshale mrefu unajibeba kama laini, na ukiukata unakuwa mgumu. Hapa kaa rada, juu ukishakata hakuna kurudisha. Cha tatu ni uzito wa ncha, ambao unapimwa kwa greini. Greini 100 ni kama gramu 6 na nusu. Ncha nzito inafanya mshale ujipinde zaidi, ncha nyepesi inaufanya uwe mgumu.

Tuseme mshale wako ni inchi 28 na ncha ni greini 100. Kwa upinde wa kampaundi wa paundi 50, utaanzia karibu na 500. Paundi 60, karibu na 400. Paundi 70, 340. Hizo ni za kuanzia tu. Chati ya kampuni iliyotengeneza mshale ndio ina neno la mwisho, kwa sababu magurudumu makali yanasukuma kwa fujo kuliko yale ya upole. Ukijikuta katikati ya namba mbili kwa kampaundi, chukua ule mgumu. Ukikosea upande huo utakosa shabaha kidogo. Ukikosea upande wa ulaini unarudi kwa ile stori ya mkono. Na usinunue mshale mwepesi kama nyasi ndio uende mbio: watengenezaji wengi wanataka angalau greini 5 za uzito wa mshale mzima kwa kila paundi ya upinde. Paundi 70 ni greini 350, kama gramu 23.

Usidhani haya ni maneno ya wazungu na mashine zao. Ule upinde wa magurudumu ni kitu cha juzi. Jamaa wa Missouri, Marekani, anaitwa Holless Wilbur Allen, aliomba hakimiliki yake 1966 akapewa 1969. Huku chini ya milima yetu, kwa nyika ya Tsavo, Wawaata walikuwa wanavuta pinde za paundi zaidi ya 100 bila gurudumu hata moja, na waliangusha ndovu kwa mishale yenye sumu ya msunguti. Jaribu kufikiria mshale laini kwa upinde kama huo. Ungegeuka kuni mkononi.

Na kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya cuzo. Upinde wa mti hauna tundu katikati, kwa hivyo mshale unakaa ubavuni, unaelekea kando kidogo. Ukiachiliwa, lazima ujipinde, uzunguke mti kama nyoka, halafu unyooke tena ukiwa njiani. Ukiwa mgumu sana haujipindi, unagonga mti na kwenda kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Ukiwa laini unajipinda kupita kiasi, unaenda kulia. Hakukuwa na chati. Ilikuwa vidole, macho, na kuchonga tena. Kampaundi imekatwa katikati ndio mshale upite karibu na mstari wa upote, kwa hivyo inakusamehe kidogo. Kidogo, si sana.

Kitu kingine, na hapa sicheki. Chati nyingi zimeandikwa kwa wawindaji wa majuu, zinadhani unaweka ncha ya kuwindia ya greini 100 au 125. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijalegeza kamba. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, na hata digidigi aliyepotelea kwa shamba lako ni kesi na KWS. Hapa unalenga gunia. Huu ni mchezo halali. Shehzana Anwar alitupeleka nao hadi Olimpiki ya Rio 2016. Kwa hivyo ukinunua ncha ya shabaha ya greini 80, jua mshale wako sasa ni mgumu kuliko vile chati ilikuambia, soma tena.

Ukishapata mishale, usiamini macho ya muuzaji. Tundika gazeti kwa fremu, simama hatua mbili hivi, piga katikati, na gunia liwe nyuma. Tundu likiwa duara safi na alama za manyoya pande zote, uko fiti. Karatasi ikipasuka na mkia ukiwa umeenda kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia, mara nyingi mshale ni laini: punguza paundi kidogo, au weka ncha nyepesi. Mkia ukienda kulia, mara nyingi ni mgumu, fanya kinyume. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni nini kilisaidia.

Cuzo alifungua boliti za upinde, akashuka hadi pale chini kabisa mwisho wake unafika, na bado 600 zilikuwa laini. Mjomba alizichukua zote sita. Sahii zinasimamisha nyanya huko Wusi, na nasikia ziko imara kwa hiyo kazi. Seti mpya ilikuja mwezi wa pili, 340, na kabla ya kila mshale kupanda kwa upote mjomba bado anaukunja karibu na sikio, anasikiliza.