Mbwa Mzee Anapochelewa Kuinuka

Fisi akinyemelea zizi usiku huko Mugeta, wilayani Bunda, anayetoka kwanza ni mbwa. Akiifanya kazi hiyo miaka minane au tisa, mwili wake huwa umelipa: teke la ng'ombe, jiwe, meno ya fisi, pengine pikipiki. Mfupa uliovunjika huunga, lakini kiungo kilichoumia hakirudi kilivyokuwa. Gegedu inayofunika ncha za mifupa hulika, ute unaokilainisha hupungua unato, na mfupa huota vinundu pembeni. Hiyo ndiyo yabisi.

Kuitambua ni kazi, maana mbwa mwenye maumivu ya siku nyingi halii. Mwangalie alfajiri. Hutanguliza miguu ya mbele, makalio yakabaki chini kitambo, kisha huchechemea hadi viungo vipate joto. Paja la mguu unaouma hukonda. Kucha hurefuka kwa kuwa hazisuguliki vya kutosha ardhini. Hulamba goti lilelile kutwa, na mtoto akimshika kiuno humng'ata.

Hapo ndipo penye hatari. Mbwa anayeng'ata na kuyumba hudhaniwa ana kichaa, na watu wana haki ya kuogopa. Yabisi huja kwa miezi. Kichaa, dalili zikishaanza, kwa kawaida huua ndani ya siku 10 hivi. Lakini aliyeng'atwa asisubiri kuona ni kipi: aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha awahi kituo cha afya. Na siku ya chanjo, mbwa mzee asiachwe nyumbani eti hawezi kutembea. Apakiwe kwenye baiskeli.

Kinachonikera zaidi ni vidonge vya binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Dawa iliyozoeleka kwa mbwa ni meloksikamu, ambayo daktari wa mifugo huipima kwa uzito wa mbwa.

Ulaya na Marekani tiba huanza kwa kumpunguza mbwa unene. Wetu wengi hawana unene wa kupunguza. Kwao huanzia kwenye malazi: gunia lililojazwa majani makavu, mahali pasipofika umande. Kushinda malishoni na ng'ombe waachiwe mbwa vijana. Mzee alinde boma, atembezwe kidogo kila siku ili misuli isinyauke. Kucha zikatwe ncha tu, kwa sababu ndani yake mna mshipa wa damu.