Gari haliwaki baada ya kupaki wiki tatu? Pima kabla ya kununua betri mpya

Gari limekaa wiki tatu bila kutembea. Usiku mtoto anapata homa, unazungusha ufunguo, unasikia "tik tik tik" tu.

Kesho yake wengi wanakimbilia dukani kununua betri. Mwezi haujaisha, tatizo ni lile lile.

Sababu ni kwamba huenda betri haina kosa. Watuhumiwa wako watatu: betri imechoka, oltaneta haichaji, au kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Ukiwa na mita ndogo ya umeme, ile wanayotumia mafundi, unaweza kuanza kuwachuja mwenyewe.

1. Pima asubuhi kabla ya kuwasha

Weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu gusa chanya, mweusi gusa hasi. Ikisoma 12.6, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. Ikisoma 12.0 au chini, chaji imekwisha.

2. Washa, pima tena

Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.7 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kitu, mwambie fundi aangalie oltaneta, mkanda na nyaya zake.

3. Msake mnyonyaji

Chaji betri ijae. Zima gari, fungua waya wa hasi, acha siku mbili, kisha pima. Ikishuka sana ikiwa imefunguliwa, betri yenyewe imechoka. Ikibaki vizuri, lakini ukiirudishia waya inaisha, kuna kitu kinakula umeme.

Anza na taa ya buti, king'ora, treka, au redio uliyofungiwa baadaye. Fundi umeme atapima umeme unaotoka gari likiwa limezimwa, halafu achomoe fyuzi moja moja. Zaidi ya miliampea 50 ni dalili mbaya.

Hata gari zima linakula

Hizo miliampea 50 ni kama Ah 1.2 kwa siku. Kwa mwezi ni Ah 36, zaidi ya nusu ya betri ya Ah 60! Na betri ikikaa muda mrefu bila chaji, inakufa kweli.

Ufanyeje?

Liendeshe angalau nusu saa kila wiki. Kuwasha dakika tano na kuzima hakusaidii, maana stata inakula umeme mwingi na hizo dakika hazitoshi kuurudisha.

Ukisafiri mwezi mzima, fungua waya wa hasi. Ila hakikisha kwanza unajua namba ya siri ya redio, kama gari lako linayo.