Neno Lisemwalo Mlangoni: Amana ya Dalali wa Nyumba



Nyumba ya marehemu baba yetu ilikaa sokoni miezi minane. Ni nyumba ya kale ya ghorofa moja hapa Mombasa, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mikoko. Sisi ndugu watano, pamoja na mama yetu, tuliafikiana kuiuza ili kila mrithi apate fungu lake, na dada yetu mdogo alikuwa akilingojea lake kwa matibabu ya mwanawe. Katika miezi hiyo waliingia wageni 11 kuitazama. Kila jioni baada ya mgeni kuondoka, dalali alitupigia simu, na neno lake lilikuwa lilo hilo: "Wameipenda, inshallah watarudi." Hakurudi hata mmoja.

Kimya hicho kikazaa dhana. Ndugu mmoja alisema kuwa mkubwa wetu ameiweka bei juu kwa makusudi, ili nyumba isiuzike ibaki mikononi mwake. Mwingine alimtuhumu dalali. Dada yetu akaacha kuja kwa mama siku ya Ijumaa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tukawa tunajiuliza usiku na mchana: nyumba hii ina ubaya gani ambao watu wote wameuona isipokuwa sisi?

Jibu lilikuja kwa bahati. Mgeni mmoja alisahau miwani yake, akarudi kuichukua. Mama akamkaribisha kahawa, akamwambia, "Mwanangu, usinionee haya. Nyumba yetu ina nini?" Yule kijana aliinamisha kichwa kwanza, kisha akasema. Chumba cha nyuma kinanuka unyevu. Ngazi ni kali, naye ana mama asiyeweza kuipanda. Na juu ya yote hayo, alipouliza hati ya nyumba iko kwa jina la nani, dalali alimjibu, "Hayo yatazungumzwa baadaye."

Tulimwita dalali. Hakukana. Alitoa mkobani daftari la shule, la kurasa 32, na ndani yake alikuwa ameandika kila alichosema kila mgeni. Wageni 7 kati ya 11 waliuliza juu ya hati. Watano walitaja unyevu, wanne ngazi. Waliolalamikia bei walikuwa wawili tu. Tukamuuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Sheikh, mwenye nyumba nikimwambia yasemwayo juu ya nyumba yake, hukasirika, kesho kazi akampa mwengine. Na mama yenu je? Ningemwambiaje kuwa chumba alichofia mumewe kinanuka?"

Tumeandika makala haya kwa sababu ya daftari lile. Neno la mgeni aliyeiona nyumba ni mali ya mwenye nyumba, nalo limewekwa mkononi mwa dalali kama amana. Basi yafaa tujue amana hiyo hukusanywa vipi, na hufikishwa vipi.

Namna ya kulipata neno

Watu wa Pwani hatupendi kumuumiza mtu mlangoni pake. Mgeni akisema, "Mashallah, nyumba nzuri, tutazungumza," aghalabu amekwisha kuikataa. Kwa hiyo dalali ajuaye kazi yake hamuulizi mgeni mbele ya mwenye nyumba. Kwanza humwomba mwenye nyumba atoke kidogo, au akae barazani, ili mgeni afungue madirisha, ajaribu mifereji na kuugonga ukuta bila haya. Kisha huagana naye, na huuliza wakiwa wamekwisha kufika njiani, au humpigia simu siku hiyo hiyo kabla picha ya nyumba haijachanganyika na za nyumba nyingine alizoziona.

Maswali hayahitaji kuwa mengi. Manne yatosha: Nini kilikupendeza? Nini kilikutia shaka? Ukiilinganisha na nyingine ulizoziona, bei yake waionaje? Kingebadilika kitu gani ndipo urudi? Swali la "umeipenda?" halina faida, maana adabu imekwisha kulijibu.

Mwenendo wa mgeni nao husema. Anayepima chumba kwa hatua, akauliza maji hutoka siku gani, shule na msikiti viko umbali gani, na jirani ni nani, huyo ameanza kuhamia moyoni. Anayepita vyumba vyote kwa dakika tano huku akitazama simu amejibu bila kusema. Dalali mwema huyaandika yote mawili, maneno na mwenendo, pamoja na tarehe, wala hayachanganyi na maoni yake mwenyewe.

Huko Marekani kazi hii imepewa mitambo. Mgeni akishaoneshwa nyumba, programu ya kompyuta humtumia wakala wake maswali, na majibu humfikia wakala wa muuzaji. Hata hivyo, huko mnunuzi aghalabu ana wakala wake na muuzaji ana wake, na wakala wa mnunuzi huzuia yale yanayoweza kumdhoofisha mteja wake. Hapa kwetu mara nyingi dalali ni mmoja katikati ya wawili, anasikia siri za huku na za kule. Mitambo hana, lakini mzigo wa amana alioubeba ni mzito zaidi.

Lipi lifikishwe, lipi lisitirishwe

Linalohusu nyumba lifikishwe kwa mwenye nyumba kama lilivyosemwa, bila kutiwa sukari wala pilipili: unyevu, ngazi, maji ya chumvi kisimani, kelele za karakana jirani, bei, hati. Pwani yetu ina jambo jingine ambalo wanunuzi huliuliza sana, nalo ni nyumba bila ardhi, yaani mtu kumiliki jengo lililosimama juu ya kiwanja cha mwengine na kukilipia kodi. Mgeni akiuliza, ajibiwe wazi siku ile ile, na mwenye nyumba aambiwe kuwa swali hilo limeulizwa.

Linalomhusu mgeni mwenyewe lisitirishwe. Jina lake na nambari yake ya simu, kiasi cha fedha alizonazo, kwamba kodi yake inakwisha mwezi ujao, kwamba anatafuta nyumba kwa sababu ameachana na mkewe: hayo hayakuwa maoni juu ya nyumba, na kuyapeleka kwa muuzaji ni khiyana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inazuia taarifa za mtu kutumiwa ovyo, na dalali aliyejaza simu yake majina na nambari za watu asidhani kuwa haimhusu.

Tena lisibuniwe neno lisilosemwa. Dalali akimwambia mgeni kuwa kuna mwengine aliyetoa zaidi, ilhali hayupo, ameingia katika najashi, ambayo mafundisho ya dini yetu yameikataza wazi. Kosa la upande wa pili halitajwi sana, nalo ni lile lile: dalali mwenye mnunuzi wake wa siri humletea muuzaji lawama za kutunga, leo paa, kesho choo, mpaka ateremshe bei. Dawa yake ni daftari. Mwenye nyumba aombe taarifa ya maandishi kila wiki, hata kama ni mistari mitatu katika simu, yenye tarehe na maneno ya kila mgeni bila jina lake. Uongo unaoandikwa kila wiki huchoka upesi.

Aidha, Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi yake. Wengi wa madalali wetu wa mitaani hawajasajiliwa, na miongoni mwao wamo waaminifu. Lakini aliyesajiliwa ana pa kushtakiwa akikosea, na hilo ni jambo la kulizingatia kabla ya kumkabidhi mtu funguo.

Sehemu ya mwenye nyumba

Tusimtupie dalali lawama zote. Yule wetu alinyamaza kwa sababu aliwahi kufukuzwa kwa kusema. Mwenye nyumba anayetaka kweli amwambie dalali tangu siku ya kwanza kuwa hatamchukia kwa ajili yake. Kisha ayapange anayoyasikia mafungu matatu: yanayotengenezeka, yasiyotengenezeka ila hutangazwa mapema, na yale ambayo ni bei pekee iwezayo kuyajibu. Na asikimbilie kuvunja ukuta kwa neno la mgeni mmoja. Neno la mmoja ni rai yake. Watatu wasiojuana wakisema lile lile, huo ni ushahidi.

Sisi tulifanya hivyo. Katika miezi ile minane tulipaka rangi mlango mara mbili, kumbe tatizo lilikuwa karatasi. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba, na mirathi tulikuwa tumegawana kwa mdomo tu. Tukaikamilisha katika Mahakama ya Kadhi, tukapata nyaraka zilizo sawa. Chumba cha nyuma tulikwangua saruji aliyoipaka fundi wa juzi, iliyokuwa ikiufungia unyevu ndani ya mawe, tukarudisha chokaa na kulizibua dirisha. Ngazi haikuwa na dawa. Tukamwagiza dalali aitaje katika simu ya kwanza, kabla mtu hajapoteza nauli. Wageni wakapungua, lakini waliokuja walikuwa wanakuja kweli. Wa tatu alinunua, kwa bei pungufu kidogo ya tuliyoitaka.

Siku ya kutia saini dada yetu alikuwapo. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa maneno, ila tulikula pamoja, na wiki iliyofuata mtoto alipelekwa hospitali. Lau daftari lile lingefunguliwa mwezi wa kwanza, angepelekwa mapema zaidi. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo.

Dalali tulimlipa ujira wake kamili. Mama alimwambia, "Mwanangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ulituletea wageni 11, ukatuficha dawa waliyokuja nayo." Akacheka naye, akampa halua ya kuwapelekea watoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.