Prosesa Haina Meno

Swali lenyewe huulizwa kabla kompyuta haijatuliwa mezani. Mteja bado ameikumbatia, jasho linamtoka, fundi hajaambiwa hata tatizo ni nini: "Fundi, nikipaka dawa ya meno si itapoa?" Anauliza mwalimu wa Munkunyu, anauliza mama mwenye duka la kufotokopi pale Bwera, anauliza kijana anayeingizia watu nyimbo kwenye simu karibu na mpaka wa Mpondwe, huku wilayani Kasese. Wengine hawaulizi tena. Wameshapaka.

Basi na lijibiwe safari hii kwa urefu wake, mafundi wapate kupumzika.

Kwanza dawa ya meno ipewe haki yake: inafanya kazi. Mtu akifuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka dawa ya meno, akarudisha hitisinki, kile chuma cha vibapa cha kuondolea joto, pamoja na feni yake, joto litashuka usiku huohuo, pengine hadi karibu na pale ambapo pesti halisi ingelifikisha. Wapo wapenzi wa kompyuta ng'ambo waliowahi kulipima jambo hili kwa vifaa, wengine wakapaka hata vitu vya kulia mkate, na saa za kwanza zikatoa majibu mazuri. Kwa hiyo anayesema "mimi niliona kwa macho yangu" hasemi uongo. Aliona kweli, ila aliona siku ya kwanza tu, kisha akaenda kuwaambia majirani.

Sababu ya kuona alichoona ni hewa. Uso wa prosesa na uso wa hitisinki huonekana laini kwa macho, lakini vyote viwili vina mikwaruzo midogo isiyohesabika. Vikikutanishwa vikavu, hugusana kwa nukta chache tu, kwingine kote hubaki hewa, nayo hewa hupitisha joto kwa shida mno: kama wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Maji hupitisha 0.6, zaidi ya mara 20 ya hewa. Pesti za prosesa za kawaida hutajwa kuanzia wati 1 hadi 10 hivi. Shaba inakaribia 400. Ukizitazama namba hizo unaelewa kwamba chochote chenye majimaji kinachoweza kufukuza hewa kwenye mikwaruzo kitaleta nafuu, iwe dawa ya meno, asali, au uji wa muhogo kwa anayetaka kujaribu. Unaelewa pia kwa nini pesti hupakwa kidogo: ikilinganishwa na shaba, pesti yenyewe ni kizuizi. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo, basi.

Sasa tazama kilichomo kwenye mrija. Kuna maji. Kuna gliserini au sorbitoli ya kuzuia isikauke dukani. Kuna unga wa kusugulia, mara nyingi chokaa au silika, kuna sabuni kidogo ya kutoa povu, floraidi na ladha ya minti. Kitu hicho kilitengenezwa kikae mdomoni dakika mbili kisha kitemwe. Pesti ya prosesa kwa kawaida ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga wa madini kama oksidi ya zinki au ya alumini, na mafuta hayo yalichaguliwa kwa sababu hayarukii hewani upesi yakipata joto. Maji huruka. Prosesa inayofanya kazi kwenye nyuzi joto 65 au 70 kutwa nzima huyakausha, na kila inapowashwa na kuzimwa chuma hutanuka na kusinyaa, ule utando uliokauka hapo kati ukipasuka. Palipokuwa na maji panarudi hewa. Hewa ileile iliyofukuzwa siku ya kwanza, safari hii ikiwa na chokaa kavu juu yake.

Fundi akiinua hitisinki ya namna hiyo hukuta ukoko mweupe uliopasukapasuka, umeshika pembeni na kuachia katikati, palepale penye joto kali. Ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga. Harufu ya minti bado ipo.

Ingekuwa kompyuta inakufa siku hiyo, imani hii ingekwisha zamani. Haifi, na hapo ndipo mwenye mashine anapopotea kabisa. Mwaka 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware, lililoanzishwa na Mjerumani Thomas Pabst, lilionyesha video iliyozungumzwa sana: hitisinki iling'olewa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea taratibu. Athlon ya AMD iliungua ndani ya sekunde chache, ikatoa moshi. Baadaye kujilinda dhidi ya joto kukawa jambo la kawaida kwenye prosesa za kompyuta. Prosesa nyingi za Intel zilizomo kwenye mashine zetu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likipanda zaidi ya hapo, mashine hujizima bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo dawa ya meno ikikauka hakuna moshi wala mlio. Kompyuta inakuwa nzito tu. Kufungua faili moja ni kusubiri, video inakatakata, printa inangoja karatasi ambayo haiji. Mwenyewe anasema ni virusi. Anaipeleka kupigwa Windows upya, analipa, anarudi nayo nyumbani, na mchana uleule wa jua kali inakuwa nzito tena. Safari ya pili anaambiwa RAM ni ndogo, ananunua RAM. Safari ya tatu anaambiwa kompyuta imezeeka. Mara zote hizo hakuna aliyepima joto, ilhali programu za kupimia, Core Temp au HWMonitor, ni za bure, na mashine nyingi huonyesha namba hiyo ndani ya BIOS bila kuweka programu yoyote. Kompyuta za Dell zina tabia njema zaidi: zikijizima kwa joto, ukiziwasha huandika wazi kwenye skrini kwamba ndilo lililozizima. Watu hubonyeza F1 wakaendelea na kazi.

Kuna madhara mengine ambayo wapenzi wa mrija huwa hawayataji. Kwenye mashine za Intel za mtumba zilizojaa sokoni, vijipini vya umeme haviko kwenye prosesa. Viko kwenye soketi ya madabodi, na jina la soketi ndiyo hesabu yake. LGA775 ina vijipini 775, LGA1155 ina 1155, vyembamba kiasi kwamba kimoja kikipinda hakinyooshwi bila kioo cha kukuzia. Mtu anapaka dawa ya meno kwa ukarimu, anakandamiza hitisinki, inafurika pembeni. Ikiwa mbichi ina maji na chumvi, na hupitisha umeme. Pesti ya kawaida ya oksidi ya zinki haipitishi. Kwa hiyo unapookoa pesa ya sindano moja ya pesti, unaweka madabodi nzima rehani.

Na baada ya maneno yote hayo, ukweli unaoudhi zaidi: mara nyingi pesti haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Mashine nyingi za nyumbani huku ni zile zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Mnunuzi huiona Kampala ikiwashwa dukani, inafanya kazi vizuri, inafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi. Inateremka Kasese baada ya zaidi ya kilomita 300 za kutikiswa, inafika Munkunyu, inaanza kujizima saa nane mchana. "Kampala ilikuwa nzima," anasema mwenyewe, na muuzaji anaitwa mwizi. Pengine hakuna mwizi. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilichomo. Hewa ya chumba ikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10. Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000, kwenye upande mkavu wa Rwenzori, na mstari wa ikweta unakatiza barabara kuu kule kusini, upande wa Kikorongo. Chumba cha mabati kisicho na dari, saa nane, huwa na joto kuliko nje. Mashine iliyokuwa kwenye nyuzi 78 mchana wa Kampala sasa iko kwenye 88 kabla vumbi halijahesabiwa.

Na vumbi lihesabiwe. Kiangazi cha kati ya mwaka barabara za udongo za Munkunyu hutoa unga mwekundu unaoingia mpaka kabatini, na hii ni wilaya ya pamba: chama cha ushirika cha Nyakatonzi kimejengwa juu ya zao hilo. Unga peke yake hupeperuka. Ukishikwa na nyuzi, ziwe za pamba, za nguo au nywele za paka, hushonana. Toa feni uangalie juu ya vibapa vya hitisinki utakuta pazia zito la kijivu, unalivua kipande kizima kwa vidole. Feni ilikuwa inapuliza pazia. Core i5-2400, prosesa ya mwaka 2011 inayopatikana kwenye nyingi ya mashine hizi, imepangiwa kutoa hadi wati 95 za joto. Aliyewahi kushika balbu ya zamani ya wati 100 ikiwaka anajua maana yake. Joto hilo lina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo imezibwa. Hapo mtu anapaka minti.

Kitambaa cha kufuma kwa mkono kinachofunika kompyuta ili ipendeze sebuleni nacho kiondolewe. Ni kizuri, kiwekwe kwenye kochi.

Kufungua ubavu wa kesi na kuelekeza feni ya mezani kunasaidia kwa jioni moja ya dharura, lakini vumbi litaingia mara mbili, mijusi watahamia, na kwenye mashine kama OptiPlex hewa imepangwa ipite mbele itokee nyuma kupitia kifuniko cha plastiki kilichozunguka hitisinki, hivyo ukifungua unaiharibia njia. Kitambaa kibichi juu ya kesi, hapana. Friji, hapana kabisa: mashine ikitolewa hupata umande ndani.

Kinachofaa ni hiki. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kumaliza umeme uliobaki. Toka nje. Puliza kwa blowa au piga brashi kavu ya rangi ambayo haijatumika, ukishika panga za feni zisizunguke. Safisha na pawa saplai kwa nje, usiifungue. Angalia kama feni inazunguka bila kukwaruza; ikikwaruza, badilisha feni. Angalia hitisinki haichezi. Zile za Intel zenye miguu minne ya plastiki ya kubonyeza hulegea mguu mmoja kwa urahisi, hasa baada ya basi, na mguu mmoja ukilegea tu joto hupanda. Rudisha, washa, pima. Tano kati ya kumi huishia hapo, na huo ni ukadiriaji wa mafundi, hakuna aliyehesabu.

Ikiwa bado, ndipo pesti. Iache mashine ifanye kazi dakika kadhaa ipate uvuguvugu, zima, kisha zungusha hitisinki kidogo kabla ya kuinua, hasa kwenye AMD, ambako prosesa huweza kung'oka nayo pamoja na pini zake. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, yenye asilimia 90 au zaidi ukiipata. Waragi zaidi ya nusu yake ni maji, ibaki kwenye chupa. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, shusha hitisinki wima, kaza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo. Usisahau kurudisha waya wa feni.

Bila kufungua chochote, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hilo huzima Turbo Boost, ile mbio ya ziada. I5-2400 itabaki gigahezi 3.1 badala ya kukimbilia 3.4, na kwa kuandika barua au kufotokopi vitambulisho hakuna atakayeona tofauti. Kesi itoke sakafuni, iwe shubiri moja kutoka ukutani, isipigwe na jua la dirishani. Kazi nzito, kama kubadilisha video za harusi, zifanywe asubuhi.

Namba za kulenga: chini ya 80 ikiwa kazini, isifike 90. Ikiwa baada ya yote bado inaruka hadi 95 ndani ya dakika chache, itazame hitisinki yenyewe kwa chini. Hutokea mashine ya mtumba ikabadilishiwa prosesa kubwa na kuachwa na hitisinki ya ile ndogo, alumini tupu mahali palipotakiwa kuwa na kiini cha shaba. Hiyo haitibiki kwa pesti ya bei yoyote. Aliyeuza aulizwe hitisinki ya modeli hiyohiyo, pamoja na skrubu zake zote nne.