Mbwa Mchungaji: Apimwe kwa Kazi au kwa Umbo?

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliijua tangu utotoni, lakini maana yake ya kisayansi nilifunzwa na mzee mmoja mchunga kondoo katika vilima vya kusini mwa Uskoti, mwaka 2009, nilipokuwa masomoni huko.

Mzee yule alikuwa na mbwa wawili. Wa kwanza alikuwa mweusi wa kumeremeta, ana ukosi mweupe shingoni, na masikio yake yamelingana. Wa pili alikuwa mwembamba, manyoya yake mafupi yamejaa matope, sikio moja limesimama na la pili limelala, na jicho lake moja lilikuwa la buluu. Mzee akaniuliza ni yupi ningemnunua. Bila kusita nilimwonyesha yule wa kwanza. Hakunijibu. Alipiga mluzi mmoja, na yule mwenye sikio lililolala akaondoka mbio, akazunguka kwa mbali hata akapotea nyuma ya mgongo wa kilima. Baada ya dakika chache kondoo wapatao sitini, ambao mimi sikuwa nimewaona kabisa, walikuwa wakiteremka kutujia wakiwa kundi moja, bila kukimbizwa. Yule mzuri alikuwa bado ameketi miguuni petu.

"Huyu ni wa mjukuu wangu," mzee alisema. "Kondoo akimkazia macho, yeye hugeuka."

Mimi niliyekua nikichunga mbuzi kwa fimbo na mawe niliona haya kidogo kwa chaguo langu. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini kosa langu lilikuwa kosa la kawaida, na kwa nini likirudiwa kizazi baada ya kizazi huweza kufuta kipaji kilichojengwa kwa karne nyingi.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mbwa niliyemwona ni wa aina iitwayo Border Collie, yaani mbwa mchungaji wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Ili kuielewa kazi yake hatuna budi kumkumbuka mbwa mwitu, ambaye ndiye asili ya mbwa wote. Mbwa mwitu awindapo hufuata hatua zenye mpango: hutafuta, hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, kisha huua. Wafugaji wa kale, kwa kuchagua wazazi wa kila kizazi, waliziimarisha hatua za mwanzo na kuzififisha zile za mwisho. Mbwa mchungaji hunyemelea kondoo na kumkodolea macho kama mwindaji, lakini haui. Wachungaji huuita mtazamo huo "jicho", nao huweza kumsimamisha kondoo mkaidi bila kuguswa.

Lakini jicho peke yake halitoshi. Mbwa anatakiwa awe na pumzi ya kukimbia siku nzima. Awe na ujasiri wa kumkabili dume la kondoo. Awe na upole wa kutomtisha jike mwenye mimba. Asikie mluzi akiwa mbali na kuutii. Na pale mluzi usiposikika, aamue mwenyewe. Sifa hizi huvutana. Ujasiri ukizidi, mbwa huuma. Utii ukizidi, hushindwa kuamua. Mbwa bora ni yule aliye na mizani kati yake, na mizani hiyo haionekani kwa macho mpaka mbwa awekwe mbele ya kondoo.

Mwaka 1873: njia mbili

Mwaka 1873 ulitukia mambo mawili huko Uingereza na Wales ambayo yanastahili kuwekwa pamoja. Jijini London iliundwa Kennel Club, chama kilichokuja kusimamia maonyesho ya mbwa na kuandika sifa za umbo zinazotakiwa kwa kila aina. Mwaka huo huo, tarehe 9 Oktoba, katika mji wa Bala huko Wales, yalifanyika mashindano ya kwanza ya mbwa wachungaji katika nchi hizo. Mshindi alikuwa Mskoti aliyeishi Wales, James Thomson, pamoja na mbwa wake Tweed. Waamuzi wa upande mmoja walimtazama mbwa aliyesimama; wa upande wa pili walimtazama mbwa aliyekuwa kazini.

Njia ya kwanza ilimchukua mbwa mchungaji wa Uskoti ambaye Malkia Victoria alimpenda alipokuwa akikaa Balmoral. Mbwa huyo akawa fahari ya mijini. Maonyesho yalidai manyoya marefu na uso mwembamba uliochongoka, na wafugaji wakatimiza. Ndivyo alivyopatikana Rough Collie tumjuaye leo katika picha na sinema: mbwa mzuri kweli kweli, lakini ambaye ni nadra kumkuta akichunga kondoo milimani.

Njia ya pili ilipitia katika mashamba. Mwaka 1893 huko Northumberland mfugaji Adam Telfer alipata mtoto dume kutokana na baba mpole aliyeitwa Roy na mama mwenye haya na jicho kali mno aliyeitwa Meg. Mtoto huyo, Old Hemp, alipata mizani ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Alifanya kazi kwa utulivu uliowashangaza wachungaji, nao wakaleta majike yao kwake. Alipokufa mwaka 1901 alikuwa amezaa watoto wapatao 200, na leo karibu kila Border Collie ana damu yake. Mwaka 1906 wachungaji waliunda chama chao cha kimataifa, International Sheep Dog Society. Chama hicho kina utaratibu ambao mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa aweza kuingizwa daftarini akithibitisha kazi yake mbele ya waamuzi. Kwa maneno mengine, kazi yaweza kufungua mlango ambao nasaba imeufunga.

Jaribio la kadi mia moja

Huenda msomaji akauliza: kwani umbo na kazi haviwezi kutafutwa kwa pamoja? Mwalimu aweza kulijibu swali hili darasani kwa kadi 100 zilizoandikwa namba 1 hadi 100. Kila kadi ni mtoto wa mbwa, na namba ni kipaji chake cha kuchunga. Wastani wa kadi zote ni 50.5. Tunahitaji wazazi 10 wa kizazi kijacho.

Kwanza, tuchague kwa kazi tu. Tutachukua kadi 91 hadi 100, ambazo wastani wake ni 95.5.

Pili, tuseme kwamba kabla ya kupima kazi tunataka masikio yalingane na ukosi uwe mweupe, na ni mtoto mmoja tu kati ya wanne aliye na sifa hizo. Masikio hayana uhusiano na kipaji, basi tuchanganye kadi, tuondoe 75 bila kuzitazama, kisha tuchague kadi 10 kubwa kuliko zote katika 25 zilizobaki. Jaribio likirudiwa mara nyingi, wastani wa wateule utakaribia 80.

Tatu, tuchague kwa umbo tu. Wastani utabaki karibu na 50, yaani hatukuchagua kipaji hata kidogo.

Sasa tukumbuke kwamba si tofauti yote ya wazazi ambayo hurithiwa; sehemu yake hutokana na malezi na mafunzo. Tukichukua kwa mfano kwamba theluthi moja hurithiwa, kizazi cha njia ya kwanza kitapanda kwa alama 15 juu ya wastani wa zamani, na kile cha njia ya pili kwa alama zisizofika 10. Hakuna aliyekusudia kuharibu kipaji. Ni kwamba nafasi za kuwa mzazi ni chache, na kila nafasi inayotolewa kwa sababu ya sikio ni nafasi iliyonyimwa kazi.

Hatari ya njia ya tatu ni kubwa zaidi ya kutopanda. Kipaji cha kuchunga hakitokani na jeni moja. Hutokana na jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja, na kila uzazi huzichanganya upya kama karata. Pasipo mtu wa kuwaondoa wasioweza, mizani ile ya ujasiri na upole huvunjika taratibu, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna anayepima.

Jina la aina si dhamana

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeyapa nguvu maoni ya wachungaji. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliohusu mbwa zaidi ya 13,000 wa aina 31. Ilionekana kwamba tabia za aina hizo hazikufuata kazi ya asili ya mababu, bali zilihusiana na matumizi ya sasa. Pale ambapo maonyesho ndiyo yaliyotawala, mbwa walielekea kuwa waoga zaidi, na wenye udadisi na moyo wa kucheza uliopungua.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliotumia majibu ya wenye mbwa kuhusu mbwa zaidi ya 18,000. Ulionyesha kwamba jina la aina hueleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Hii haina maana kwamba tabia hairithiwi, la hasha. Maana yake ni kwamba mtu akijua jina la aina tu, bado anajua machache sana kuhusu mbwa aliye mbele yake. Hana budi kumpima.

Ugomvi wa daftari

Kwa kuyafahamu haya tunaweza kuelewa kwa nini wachungaji walikasirika pale ambapo wengine wangedhani wamepewa heshima. Mwaka 1976 Kennel Club ya Uingereza ilimkubali Border Collie katika maonyesho, ingawa ilibakiza sharti kwamba mbwa hawezi kuitwa bingwa kamili pasipo kufaulu jaribio la kuchunga. Mwaka 1995 chama cha maonyesho cha Marekani, American Kennel Club, nacho kilimkubali, licha ya upinzani mkali wa wafugaji wa mbwa wa kazi. Hao wa pili, kupitia American Border Collie Association, walijibu kwa kanuni isiyo ya kawaida: mbwa atakayepata ubingwa wa umbo hufutwa katika daftari lao. Yaani taji la uzuri, ambalo kwingine huongeza bei, hapo humwondolea mbwa jina. Kanuni hiyo ni kali, lakini tukirudi kwenye kadi zetu tutaona shabaha yake. Inazuia dume mmoja mzuri kuletewa majike mia kwa sababu ya taji lake.

Mtego ulio upande wa pili

Ingekuwa si haki kuuacha upande wa kazi bila lawama. Mashindano nayo yaweza kugeuka maonyesho. Katika fainali ya kimataifa mbwa hukusanya kondoo 20 kutoka sehemu mbili tofauti, kisha husaidia kuwatenga watano wenye kola na kuwaingiza zizini. Ni mtihani mgumu, lakini si shamba; hakuna theluji wala kondoo anayezaa usiku. Isitoshe, ushindi huvuta umati. Mwaka 1965 mbwa aliyeitwa Wiston Cap alishinda fainali hiyo akiwa bado kijana, na wafugaji wengi wakaleta majike yao kwake. Uzao wake ulienea kiasi kwamba ni vigumu leo kupata nasaba asimoonekana. Dume mmoja akitumika kupita kiasi, kasoro zake zilizofichika husambaa pamoja na ubora wake. Kwa hiyo kupima kazi ni sharti la kwanza, lakini si la pekee. Wazazi nao wawe wengi, na mahali pa kuwapimia pawe panafanana na mahali watakapotumika.

Huku kwetu mbwa wa mfugaji aghalabu ni mlinzi wa boma na mifugo dhidi ya fisi na chui, si mwelekezaji wa kundi. Hata hivyo swali letu linafika hadi zizini. Mfugaji anayemchagua beberu kwa rangi yake au kwa pembe zake anatumia zile kadi 100, ajue asijue.

Napendekeza wanafunzi wamtembelee mfugaji mmoja jirani na shule na kumwuliza mambo matatu: alimchagua beberu wake kwa sifa gani, sifa hiyo aliipima vipi, na je, aliwatazama mama na dada za beberu huyo, maziwa yao na watoto wao waliopona? Mimi nilipomwuliza yule mzee wa Uskoti jinsi ya kumtambua mtoto bora wa mbwa katika uzao, aliniambia kwamba yeye hamtazami mtoto. Huwapeleka baba na mama kilimani kwanza.