Mkutano wa saa ya chakula nao ni kazi

BAADHI ya shule, maghala na maduka ya ukanda wetu yana desturi moja: kengele ya chakula ikilia, bosi anaitisha kikao cha lazima. Asiyefika hukatwa mshahara, aliyefika halipwi chochote. Je, huo ni uungwana?

Nauliza kwa kuwa yalinikuta. Nilisoma ukimbizini Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Kabla ya kurudi kwetu Kivu, nilifundisha shule moja ya binafsi Area 25, Lilongwe, jirani na viwanda vya tumbaku vya Kanengo. Mara tatu kwa wiki walimu tulikalishwa nusu saa ya mapumziko tukisikiliza matangazo, nsima ikipoa. Mwenzetu aliyeuliza malipo alijibiwa kuwa kukaa si kufundisha.

Hebu tupige hesabu. Nusu saa mara tatu ni saa moja na nusu kwa wiki. Kwa muhula wa wiki 12 ni saa 18, yaani siku mbili za kazi za saa tisa kila moja, zilizotolewa bure.

Mkataba Namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930, unaohusu biashara na ofisi, unahesabu kuwa saa za kazi muda wote ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Mapumziko hayahesabiwi, mradi awe huru.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 23 kinasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa akimtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi. Na anaweza kumtaka hivyo pale tu kazi isipoweza kuachwa bila mtu wala kufanywa na mwingine. Matangazo yanaweza kungoja.

Kwa mkimbizi, hata hivyo, kudai ni mtihani. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka masharti juu ya haki ya ajira. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa mijini walikamatwa na kurudishwa Dzaleka. Mtu wa namna hiyo atamshitaki nani kwa ajili ya nusu saa?

Ninyi mliokwisha kurudi na kupata vitambulisho hamna sababu ya kunyamaza. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na kumaliza kikao, na aliyekiitisha. Mnaofanya kazi Tanzania, mlango upo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na madai yasiyohusu kufukuzwa hupelekwa ndani ya siku 60.

Nanyi ndugu wafanyabiashara wa Kasumulu na Tunduma, mnaoajiri wapakiaji na wauza duka, fanyeni kikao asubuhi ndani ya saa za kazi. Ikishindikana, walipeni au wapeni mapumziko mengine. Kipimo ni chepesi: kama mtu haruhusiwi kutoka kwenda kununua chapati, bado yuko kazini.